Kilo 30 za Naim Süleymanoğlu pale Seoul 1988: zilitoka wapi?

#1 Kigoda
Wakuu salaam. Juzi umeme ulirudi usiku wa manane, usingizi ukaruka, nikaanza kufungua video za Olimpiki za zamani. Nikaangukia kunyanyua uzito, Seoul, Septemba 20, 1988, daraja la kilo 60. Sikulala mpaka adhana ya alfajiri.

Jamaa anaitwa Naim Süleymanoğlu. Urefu mita 1.47, yaani ukimweka kwenye mstari wa shule ya msingi unaweza ukampita bila kumwona. Amevaa jezi ya Uturuki lakini kazaliwa Bulgaria na kafundishwa huko. Akanyakua kilo 152.5. Akasukuma kilo 190. Jumla 342.5. Wa pili ana 312.5. Wa tatu 287.5.

Hapo ndipo hesabu yangu inapogoma. Mchezo huu enzi zile watu walikuwa wanaachana kwa kilo 2.5, pengine wanalingana mpaka iangaliwe nani ana mwili mwepesi. Huyu kamwacha mwenzake kwa 30! Na bingwa wa daraja la juu yake, kilo 67.5, Joachim Kunz wa Ujerumani Mashariki, alimaliza na 340. Kwa hiyo huyu mfupi angepanda daraja akutane na watu waliomzidi kilo saba za mwili, bado angevishwa dhahabu.

Swali langu ni moja: hizo kilo 30 zilitoka wapi? Wanaojua waje. Matusi pelekeni jukwaa la siasa.

#2 Mla_Mihogo
Nimetandika mkeka. Karanga zinakuja.

#3 Chuma_Kutu
Mkuu Kigoda umekesha bure. Jibu lina herufi nne: DAWA.

Hao Wabulgaria wana historia ndefu. Montreal 1976 Valentin Hristov alinyang'anywa dhahabu, Blagoy Blagoev akanyang'anywa fedha. 2008 kabla ya Beijing wakapatikana 11. 2015 wakapatikana 11 tena, Rio wakafungiwa nje. Kumi na moja mara mbili! Hiyo si timu ya kunyanyua uzito, ni kikosi cha mpira na kocha wake yupo benchi.

Na hata huyo Kunz wako, dhahabu yake ililetwa na chupa ya mkojo. Aliyeshinda jukwaani alikuwa Angel Genchev wa Bulgaria, kilo 362.5, akapimwa, akavuliwa. Kwa hiyo hoja yako ya "angeshinda daraja la juu" ina tobo.

#4 Kigoda
@Chuma_Kutu hiyo ya Genchev nimeipokea, sikuijua. Ila wa pili wa Naim, Stefan Topurov, naye ni Mbulgaria. Kama ni dawa, kwa Topurov duka lilikuwa limefungwa?

#5 Fundi_Vyuma
Nina jimu ya uchochoroni huku Tandika. Vyuma vyenyewe vingine ni ekseli za lori na saruji tuliyomwaga kwenye ndoo. Kwa hiyo naongea kama mtu wa kazi.

Kwanza kwa wasiojua. Kunyakua: chuma kinatoka sakafuni mpaka juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, hakuna kituo. Kusukuma: kinapanda mpaka mabegani, unasimama nacho, unavuta pumzi, ndipo unakirusha juu. Kila mtindo una majaribio matatu, kilicho kizito kuliko vyote kwenye kila mtindo ndicho kinachojumlishwa.

Sasa tazama ule mwili. Mimi ni futi sita kasoro kidogo. Chuma changu kutoka chini mpaka juu kinasafiri Mbagala hadi Kariakoo. Cha kwake kinashuka kituo cha pili. Mapaja mafupi, mgongo mpana, mikono mifupi. Akichuchumaa anakaa kama kinu. Kuna kijana muuza maji anakuja kwangu, mfupi, kilo 58. Siku ya kwanza tu kasukuma 80 bila kufundishwa. Mimi na kilo 84 zangu nilianza na 60 na bado niliumwa kiuno wiki nzima.

Wale wanaomwita "Herkules wa mfukoni" wanadhani ufupi ulikuwa kikwazo. Ufupi ndio ulikuwa mtaji.

#6 Mla_Mihogo
Fundi hiyo ya kiuno ungetuficha tu.

#7 Kigoda
@Fundi_Vyuma maelezo mazuri, lakini daraja la kilo 60 hakuna twiga. Wote ni wafupi. Topurov naye si mnazi. Na si mtu wa mchezo: mwaka 1983 Moscow ndiye alikuwa binadamu wa kwanza kusukuma mara tatu ya uzito wake, kilo 180. Naim alikuwa wa pili kuifikia hiyo mara tatu. Kwa hiyo pale Seoul aliachwa kwa kilo 30 mtu aliyefungua njia.

#8 Nesi_wa_Zamu
Habari zenu. Nimetoka zamu ya usiku, nisameheni nikikosea herufi.

@Chuma_Kutu unachanganya mambo. Dawa waliyokamatwa nayo Wabulgaria Seoul, Mitko Grablev wa kilo 56 na huyo Genchev, ilikuwa furosemaidi. Wodini tunaita Lasix. Tunawapa wenye moyo ulioshindwa na waliovimba miguu ili maji yatoke. Haimpi mtu nguvu hata ya kubeba beseni. Mgonjwa akipewa kazi yake ni kwenda msalani tu, na ikizidi misuli inakakamaa kwa kukosa madini.

Wanamichezo wanaitumia kwa sababu mbili. Kupunguza uzito haraka waingie daraja la chini, na kuusafisha mkojo ili dawa nyingine isionekane. Kwa hiyo ndiyo, furosemaidi ni moshi na watu wana haki ya kuuliza moto uko wapi. Lakini Naim alipimwa kwenye mashindano miaka yote ile na hakuna kipimo kilichomkamata. Usimzike kwa kaburi la jirani.

#9 Chuma_Kutu
Sista, kutokamatwa si kutotumia. Mtaani kwetu kuna mwizi hajawahi kukamatwa na kila mtu anamjua.

#10 Nesi_wa_Zamu
Na kuna mwingine kila mtu "anamjua" na kumbe siye.

#11 Kibuyu_Tupu
Mnazunguka sana. Alishinda kwa sababu Bulgaria walijitoa mashindanoni baada ya kashfa ya dawa. Alibaki peke yake na wapita njia.

#12 Mwalimu_Mstaafu
@Kibuyu_Tupu rudi darasani. Bulgaria walijitoa baada ya Genchev kuvuliwa, na daraja la kilo 60 lilikuwa limeshakwisha. Topurov alikuwepo, akanyanyua, na medali yake ya fedha anayo. Soma #4 na #7 kabla ya kuandika.

Jibu mnalolikwepa lina jina: Ivan Abadzhiev, kocha mkuu wa Bulgaria. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaletea medali yao ya kwanza ya dunia katika mchezo huu, fedha, Tehran 1957. Akakabidhiwa timu mwishoni mwa miaka ya 60. Munich 1972 nchi yenye watu chini ya milioni tisa ikaondoka na dhahabu tatu: Norair Nurikyan, Yordan Bikov, Andon Nikolov. Warusi walibaki wanakuna vichwa.

Alifanyaje? Warusi walikuwa na mazoezi ya aina nyingi, uzito wa wastani, unapanda taratibu kwa msimu. Abadzhiev akatupa karibu vyote. Akabakiza kunyakua, kusukuma na kuchuchumaa na chuma. Na kila siku, narudia kila siku, unafika kwenye kilele cha uwezo wako wa siku hiyo. Unaingia nusu saa au dakika 45, unapumzika, unarudi, unapumzika, unarudi, mpaka jua linazama. Mtu anaishi ndani ya mashindano. Naim aliingia kwenye kinu hicho akiwa mtoto, na akiwa na miaka 16 alikuwa na rekodi ya dunia ya watu wazima.

Olimpiki ya 1984 kule Los Angeles aliikosa kwa sababu kambi ya Urusi ilisusa. Wakafanya Michezo yao ya Urafiki, uzito ukanyanyuliwa Varna, na kijana akanyanyua uzito uliompita mbali bingwa wa Los Angeles, Wu Shude wa China. Kwa hiyo hata kabla ya Seoul alikuwa ameshawaacha watu.

#13 Fundi_Vyuma
Mwalimu, mimi hiyo ya kilele kila siku niliijaribu kwa vijana wangu watatu mwaka juzi, bila kujua kumbe ni ya Mbulgaria. Wiki ya kwanza walipanda hatari. Wiki ya pili goti la mmoja likafura. Wiki ya tatu wa pili akasema amepata kazi Morogoro. Hajapata kazi yoyote, namwona hapa kwenye banda la chipsi.

#14 Kigoda
@Mwalimu_Mstaafu asante kwa darasa. Ila Topurov naye kala kwenye jiko hilohilo la Abadzhiev. Sahani moja, kijiko kimoja.

#15 Mla_Mihogo
Huyu Topurov amekuwa shemeji wa uzi. Kila hoja ikitaka kuoa, yeye anakataa mahari.

#16 Nesi_wa_Zamu
Labda jibu liko upande wa pili wa hoja ya Mwalimu. Naim aliondoka Bulgaria Desemba 1986. Kutoka hapo mpaka Seoul ni karibu miaka miwili nje ya kile kinu, na mwili wake wa miaka 21 umepata nafasi ya kupona. Topurov yeye alibaki anasagwa kila siku. Misuli inajengeka wakati wa kupumzika, hili si la Bulgaria wala Tandika. Inawezekana kilo 30 si zile alizoongeza Naim. Ni zile walizopoteza wenzake.

#17 Mwalimu_Mstaafu
Sikubali, lakini hoja ina miguu.

#18 Mwanafunzi_Bursa
Wakuu nimekuwa nawasoma kimya siku mbili. Nasoma Bursa, Uturuki, mwaka wa tatu. Nadhani hapa kuna kitu mnakipita.

Nyumba ninayopanga ni ya bibi mmoja ambaye watu wake walitoka Kardzhali, kusini mwa Bulgaria, mkoa uleule aliozaliwa Naim (kijiji cha Ptichar, mwaka 1967). Kule wapo Waturuki tangu enzi za Waosmani. Majira ya baridi ya 1984 kuingia 1985 serikali ya Todor Zhivkov iliamua kuwa Bulgaria haina Waturuki, ina Wabulgaria waliosahau asili yao. Polisi na askari wakazingira vijiji, watu wakasainishwa fomu za majina mapya. Kuongea Kituruki hadharani, faini. Bibi ana bahasha ya nailoni anayoiweka chini ya godoro, ndani mna vyeti vyake viwili. Mtu mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, majina mawili yasiyojuana.

Naim Suleimanov akaamka anaitwa Naum Shalamanov. Akashinda ubingwa wa dunia Sofia mwaka 1986 huku ubao ukiandika jina ambalo mama yake hakumpa. Mwezi mmoja baadaye, Melbourne, kwenye Kombe la Dunia, akatoroka walinzi wa timu. Akajificha siku kadhaa, akajitokeza kwa Waturuki wa ubalozi, akapelekwa London, na waziri mkuu Turgut Özal akamtumia ndege yake. Aliposhuka Ankara akapiga magoti akabusu lami.

Bibi anasema siku ya Seoul wao walikuwa bado Bulgaria. Walifunga madirisha, wakafungulia redio ya Uturuki sauti ya chini kabisa, wakaweka na birika jikoni lipige kelele. Mtangazaji akawa anataja "Süleymanoğlu", jina ambalo wao wasingeweza kulitamka kwenye foleni ya mkate.

Mnauliza kilo 30. Mimi naona alizibeba na kijiji. Na @Kigoda, kabla hujaniuliza: Topurov hakubadilishwa jina.

#19 Kigoda
Daah. Umeniwahi.

#20 Mpemba_Halisi
Wallahi hii imeniingia. Sie tumezoea kusema mcheza kwao hutunzwa. Huyu kacheza kwao, akavuliwa jina.

#21 Chuma_Kutu
Hadithi tamu, machozi yananilenga. Lakini hasira haina kilo. Waturuki wa Bulgaria walikuwa mamia ya maelfu na wote walibadilishwa majina. Mbona hawakunyanyua 190? Na Mwalimu kashasema kwamba 1984 Varna alikuwa anawatimulia vumbi watu, wakati jina lake lilikuwa bado lake.

#22 Mwanafunzi_Bursa
@Chuma_Kutu mwingine alinyanyua. Halil Mutlu, mkoa uleule wa Kardzhali, akahamia Uturuki 1989. Dhahabu tatu: 1996, 2000, 2004.

#23 Chuma_Kutu
Asante kwa pasi. Halil Mutlu huyo huyo mwaka 2005 alikutwa na nandroloni, dawa ya kukuza misuli. Goli.

#24 Mla_Mihogo
😂😂😂 Nyavu zimechanika

#25 Mwananchi_Eldoret
Hamjambo watu wa Bongo. Mnaongea juu ya mwili na kocha na jina, hakuna mtu ameuliza pesa. Huyu jamaa alitoroka Desemba 1986. Sheria ya Olimpiki ni kwamba ukibadilisha nchi unangoja miaka mitatu, isipokuwa nchi yako ya zamani ikubali kukuachilia mapema. Seoul ilikuwa Septemba 1988. Hesabu haifiki. Alikimbiaje, yaani, alinyanyuaje?

Jibu: Uturuki ililipa Bulgaria zaidi ya dola milioni moja. Bulgaria ikasaini.

Hii kitu sisi tunaijua vizuri. Stephen Cherono wetu alienda Qatar 2003 akawa Saif Saaeed Shaheen. Mwezi huohuo akashinda mita 3000 kuruka viunzi na maji huko Paris, kwa bendera ya Qatar, akimshinda Ezekiel Kemboi, na ndugu yake Abraham Cherono alikuwa kwa mbio hiyohiyo akikimbilia Kenya. Athens 2004 Kenya ilikataa kumwachilia. Akakaa nje, Wakenya wakachukua dhahabu, fedha na shaba. Siku chache baadaye akaenda Brussels akavunja rekodi ya dunia, 7:53.63. Sasa niambieni, nchi gani ilifanya poa: ile ilichukua pesa ama ile ilikataa?

#26 Mpemba_Halisi
Kenya mlikataa kwa uzalendo au mlikataa kwa sababu bei haikufika? Nauliza tu ndugu yangu.

#27 Mwananchi_Eldoret
Hiyo swali nimeiacha hapo ilipo.

#28 Kigoda
Pesa inaeleza kwa nini alikuwepo Seoul, haielezi kilo 30. Ila nina swali dogo. Bulgaria walikubali vipi? Walijua kabisa atawashinda wao wenyewe.

#29 Mwalimu_Mstaafu
Walikuwa na kiburi na walikuwa na shida ya fedha za kigeni. Ukiwa na Topurov mkononi unaweza kujidanganya.

#30 Mwanafunzi_Bursa
Au walitaka kelele ziishe. Naim alikuwa anaongea na kila gazeti la dunia kuhusu majina. Kila mwezi wa kumzuia ulikuwa mwezi mwingine wa yeye kuongea.

#31 Kijana_wa_Doha
Nipo Doha mwaka wa nane, nafanya kazi ya ulinzi. Nimeona mmeitaja Qatar. Kabla ya huyo Shaheen, Qatar ilichukua kundi la Wabulgaria, na hao walikuwa wanyanyua uzito haswa. Mmoja aliitwa Angel Popov, akawa Said Saif Asaad, akaipa Qatar shaba Sydney 2000, daraja la kilo 105.

Ndiyo maana nacheka nikisoma hapo juu. Mmoja kakimbia Bulgaria kwa sababu kapewa jina asilolitaka. Mwingine kaondoka Bulgaria na kulichukua jina jipya kwa hiari, na mshahara juu.

#32 Papa_Bukavu
Bandugu, mambo ya kubadilishwa jina si ya Bulgaria peke yake. Kwetu Mobutu mwaka wa 1972 alikataza majina ya kikristo. Baba yangu alibatizwa Joseph, akaamka siku moja hana Joseph. Padri akimwita kwa siri nyuma ya kanisa. Mpaka leo kuna karatasi zake hazipatani, pensheni imekwama kwa ajili ya hilo.

#33 Mwanafunzi_Bursa
@Papa_Bukavu pole sana. Ila Mobutu alisema anawarudishia watu ya mababu. Zhivkov aliyachukua ya mababu, mpaka makaburini majina ya Kituruki yalifutwa.

#34 Papa_Bukavu
Ni kweli. Lakini kwa karani wa pensheni ni sawasawa tu.

#35 Kibuyu_Tupu
Uzi ulikuwa wa vyuma sasa tupo kwenye pensheni.

#36 Fundi_Vyuma
Tuurudishe. Kama siri ilikuwa hasira ya jina, basi baada ya 1989 angeisha nguvu, maana Zhivkov alianguka Novemba mwaka ule na majina yakarudishwa. Tazama kilichotokea. Barcelona 1992 dhahabu tena, kilo 320, wa pili Nikolay Peshalov wa Bulgaria 305. Kwa hiyo pengo limeshuka kutoka 30 mpaka 15. Na mwenyewe kashuka kutoka 342.5 mpaka 320. Kuna kitu kweli kilipungua.

Halafu inakuja Atlanta 1996. Daraja limekuwa kilo 64 maana madaraja yalibadilishwa. Mgiriki Valerios Leonidis kamkaba koo. Kunyakua: Naim 147.5, Leonidis 145. Kusukuma: huyu 185, yule 187.5, huyu karudi 187.5. Rekodi za dunia zinavunjika kama vikombe kwenye harusi. Leonidis anabaki na jaribio la mwisho, anaomba 190. Ingemfikisha 335 sawa na Naim, hapo mnapelekwa kwenye mizani ya mwili. Alikivuta, hakikukaa. Dhahabu ya tatu, kwa kilo 2.5.

Nimeangalia hiyo video zaidi ya mara hamsini. Ukitaka kujua mtu ana nini, usimwangalie Seoul alipoachwa peke yake. Mwangalie Atlanta.

#37 Nesi_wa_Zamu
Huyo wa pili wa Barcelona, Peshalov, si ndiye aliyekuja kuichezea Croatia?

#38 Mwalimu_Mstaafu
Ndiye. Fedha 1992 na shaba 1996 kwa Bulgaria, dhahabu 2000 na shaba 2004 kwa Croatia. Bulgaria walikuwa wanauza wanyanyua uzito kama sisi tunavyouza korosho, ghafi, wenzetu wanabangua.

#39 Mwananchi_Eldoret
@Mwalimu_Mstaafu hiyo ya korosho nimeiiba.

#40 Kigoda
Fundi umenipa kazi, nimekwenda kuiangalia Atlanta. Kweli tupu. Pia nimegundua kitu. Ubingwa wa dunia wa 1993 ulifanyika Melbourne, mji uleule aliotorokea. Akarudi pale na jina lake kamili, akashinda. Kwa jumla ana ubingwa wa dunia mara saba: 1985, 1986, 1989, 1991, 1993, 1994, 1995. Miwili ya kwanza aliipata kwa Bulgaria. Sasa sijui kwenye vitabu vyao wameandika Naum au Naim.

Kilichoniuma ni Sydney 2000. Alirudi akiwa na miaka 33, akaomba kuanza na kilo 145 kwenye kunyakua. Mara ya kwanza chini, ya pili chini, ya tatu chini. Akatoka bila jumla. Ubao unaandika sifuri kwa mtu mwenye dhahabu tatu.

#41 Chuma_Kutu
Na dhahabu siku ile kachukua Peshalov na jezi ya Croatia. Wabulgaria wawili, hakuna mwenye bendera ya Bulgaria.

Halafu naomba niseme kitu kabla sijatukanwa. Mimi si kwamba simpendi. Nakataa tu kuambiwa hakuna dawa kwenye mchezo ambao nchi nzima ilifukuzwa Rio.

#42 Nesi_wa_Zamu
Leo umeongea kama mtu mzima.

#43 Mpemba_Halisi
Alifariki lini marehemu?

#44 Mwanafunzi_Bursa
Novemba 18, 2017, Istanbul, miaka 50. Ini lilikuwa limechoka, aliwekewa jingine Oktoba, halikumvusha. Leonidis alitoka Ugiriki akaja kumzika. Abadzhiev alikuwa ametangulia Machi mwaka uleule.

#45 Mpemba_Halisi
Mola awarehemu. Mgiriki kuja kumzika Mturuki si jambo dogo, wale ni Simba na Yanga wenye majeshi.

#46 Mla_Mihogo
Wakuu tupige hesabu ya uzi. Chuma_Kutu: dawa. Fundi: ufupi. Mwalimu: kocha. Sista: mapumziko. Bursa: jina. Eldoret: pesa. Kigoda: Topurov. Mimi: karanga zimeisha.

#47 Kibuyu_Tupu
Na mimi niliyesema Bulgaria walijitoa?

#48 Mla_Mihogo
Wewe umejitoa na Bulgaria.

#49 Kigoda
@Mwanafunzi_Bursa hebu muulize bibi mwenyewe. Yeye anaonaje, zile kilo 30 zilitoka wapi? Namheshimu kuliko sisi wote humu.

#50 Mwanafunzi_Bursa
Nimemuuliza jana wakati wa chai. Amenitazama kama nimeuliza ujinga. Akasema kiangazi cha 1989, watu zaidi ya laki tatu walipoondoka Bulgaria kwa miezi michache, walipewa pasi za utalii kana kwamba wanakwenda kutembea. Kila mtu akabeba anachoweza. Mumewe alibeba watoto na godoro, yeye akabeba cherehani yake, akashuka nayo kwenye treni, akasimama nayo foleni ya mpakani kutwa nzima, hakuiweka chini kwa sababu aliogopa itaibiwa. "Kilo 30," akasema, "hata mimi nilizibeba." Kisha akaniuliza mbona sili.

#51 Kigoda
Mpe salamu zangu. Mimi sina swali tena kwa bibi.

#52 Fundi_Vyuma
Mimi ninalo. Cherehani ya mkono au ya miguu? Ya mkono haifiki kilo 30 hata ukiweka na sanduku lake. Ya miguu ukiibeba na meza yake ya chuma inafika, pengine inazidi, lakini hiyo haishikiki kutwa nzima bila kuiweka chini. Muulize vizuri.